Mapanga na Nozeli za Turbaini ya Gesi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mafundi, wahandisi wa vituo vya umeme na wanafunzi wanaoshughulika na sehemu ya moto ya turbaini, pale gesi inapotoka kwenye chemba ya mwako na kukutana na chuma. Joto lote limetajwa kwa nyuzi za Selsiasi. Mifano mingi ni ya mashine ya GE (General Electric) Frame 6B, yenye takriban megawati 42, kwa kuwa imeenea duniani na maboresho yake yanafuatika hatua kwa hatua.

Nozeli na panga vinatofautiana nini?

Nozeli haizunguki. Imeshikwa na ganda la mashine, na kazi yake ni kuibana gesi, kuiongezea kasi na kuielekeza ipige panga kwa pembe inayotakiwa. Panga limechomekwa kwenye diski ya rota kwa mzizi wenye meno pande mbili, na linazunguka. Safu moja ya nozeli na safu moja ya mapanga hufanya hatua moja. Frame 6B ina hatua tatu, na kila safu ina mapanga 92.

Adui zao si sawa. Nozeli ya hatua ya kwanza hupokea gesi yenye moto kuliko zote, tena isiyo sawa, kwa sababu kila chemba hutema michirizi yenye joto tofauti. Panga hupata gesi iliyopoa kidogo, lakini linavutwa nje na mzunguko. Rota ya Frame 6B huenda mizunguko 5,163 kwa dakika. Kwa mwendo huo, kilo moja ya chuma iliyo nusu mita kutoka katikati ya mhimili huvuta kama mzigo wa karibu tani 15. Kwa hiyo nozeli hufa kwa nyufa za kupata moto na kupoa, na panga hufa kwa kuvutika.

Gesi ina joto kuliko kiwango cha kuyeyuka kwa aloi. Mbona mapanga hayayeyuki?

Kwa sababu chuma chenyewe hakifiki joto la gesi. Aloi za nikeli huanza kuyeyuka kati ya nyuzi 1,250 na 1,350 hivi, ilhali mashine za daraja la J za Mitsubishi huingiza gesi ya nyuzi 1,600. Pengo hilo huzibwa na hewa inayochotwa kwenye kompresa, sehemu ya mbele ya mashine inayogandamiza hewa. Katika mashine nyingi kubwa hewa hiyo ina joto la nyuzi 350 hadi 450, ambalo ukilinganisha na gesi ni baridi.

Hewa huingia kupitia mzizi wa panga, hupita kwenye njia za ndani zilizokunjwa kama utumbo, zenye mbavu ndogo za kuivuruga ili iondoe joto zaidi, kisha hutokea nje. Kwenye nozeli, bati lenye matundu huwekwa ndani na kuipiga hewa moja kwa moja kwenye ukuta. Hatua ya juu zaidi ni kutoboa matundu juu ya ngozi ya panga ili hewa itandazwe kama blanketi kati ya gesi na chuma.

Blanketi hilo si la bure. Hewa hiyo imeshagharimu kazi ya kompresa, na kila kilo inayoelekezwa kwenye kupooza haipiti kwenye mwako. Mhandisi anayebuni panga jipya kwa hiyo anatafuta kupooza kulekule kwa hewa pungufu. Kuongeza hewa ndiyo njia rahisi, na mara nyingi ndiyo mbaya.

Kuna kanuni ya karakana inayofaa kukaririwa: chuma cha panga kikizidi joto lililokusudiwa kwa nyuzi 10 hadi 15 tu, uhai wake wa kripu hupungua kwa takriban nusu. Kripu ni chuma kurefuka polepole kikiwa na moto na mzigo kwa pamoja. Tundu moja lililoziba linatosha kuleta nyuzi hizo 15.

Chuma chenyewe kimeboreshwa vipi?

Mapanga ya mwanzo yalifuliwa kwa nyundo. Katika miaka ya 1940 Waingereza walikuja na Nimonic, aloi ya nikeli na kromiamu yenye alumini na titani kidogo. Alumini na titani ndizo siri yake: huungana na nikeli na kutengeneza chembechembe ndogo ngumu ndani ya chuma, zinazozuia tabaka za atomu kuteleza. Kadiri chembechembe hizo zilivyoongezwa, chuma kikawa kigumu mno kufuliwa. Ndipo kukaja kumimina ndani ya kalibu ya kauri kwa njia ya nta, ndani ya tanuri la ombwe.

Hatua iliyofuata ilihusu mipaka ya punje za chuma. Chuma cha kawaida kilichomiminwa ni punje nyingi zilizoshikana, na kripu hupasua palepale zinapokutana, hasa pale mpaka unapolala kukatiza mvuto. Pratt & Whitney walionyesha kwamba ukikigandisha chuma polepole kuanzia chini kwenda juu, punje hurefuka kufuata urefu wa panga na mipaka inayokatiza hutoweka. Kisha wakaondoa mipaka yote: panga zima likawa fuwele moja. Mapanga ya fuwele moja yaliingia kwenye injini za ndege za abiria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aloi za kizazi cha pili, kama CMSX-4 na René N5, zikaongezewa asilimia 3 ya reniamu. Za kizazi cha tatu zina karibu asilimia 6.

Sasa angalia kilichopunguzwa. Kati ya aloi za mapanga, IN-738 ina kromiamu asilimia 16, GTD-111 ina 14, CMSX-4 ina 6.5, na CMSX-10 ina 2 tu. Kromiamu ndiyo kinga dhidi ya ulikaji wa chumvi. Aloi mpya zaidi si lazima iwe bora kwa kituo chako, na jambo hili linarudi kwenye swali la pwani hapa chini.

Kwa nini nozeli hazitengenezwi kwa aloi ya mapanga?

Kwa sababu hazihitaji nguvu ile, na zinahitaji kutengenezeka. Nozeli ya kwanza ya Frame 6B ni ya FSX-414, aloi ya kobalti yenye kromiamu asilimia 29 hivi. Inavumilia kupata moto na kupoa, hailiwi upesi na chumvi, na inakubali kuchomelewa. Nyufa kwenye nozeli ya kwanza ni jambo linalotarajiwa: ukiifungua baada ya kipindi kamili bila kuona hata ufa mmoja, kagua upya hesabu ya saa.

Nozeli ya hatua ya pili ilileta shida tofauti. Imening'inia kutoka kwenye ganda la nje, na ncha yake ya ndani imebeba diaframu, yaani pete isiyozunguka, yenye sili (vizuizi vya uvujaji) zinazokaribia rota. Gesi huisukuma kuelekea nyuma kwa maelfu ya saa. FSX-414 haina chembechembe ngumu za ndani, kwa hiyo kwenye joto hilo ilikubali kupinda taratibu. Diaframu ilisogea, nafasi kati yake na rota ikapungua, sili zikasuguana, na hewa ya kupooza ikapoteza njia. Fundi aliyepima nafasi za mhimili kwenye kila ukaguzi aliona milimita zikipungua. Asiyepima aliona alama za msuguano kwenye rota.

Dawa ilikuwa GTD-222, aloi ya nikeli yenye kromiamu asilimia 22.5 na nguvu kubwa zaidi ya kupinga kripu, iliyopakwa alumini dhidi ya kuungua. Kwa kuwa aloi hiyo ilivumilia joto zaidi, hewa ya kupooza ilipunguzwa, na iliyookolewa ikarudi kufanya kazi. Kipuri kilichobuniwa kuzuia kupinda kikawa kinaongeza megawati pia. Ni mfano ninaoupenda kuliko ule wa fuwele moja, maana haukuhitaji teknolojia ya ajabu. Ulihitaji mtu kupima na kuuliza mbona kinasogea.

Matundu ya kupooza hutobolewaje, na huharibikaje?

Mengi yana kipenyo cha milimita 0.3 hadi 1. Hutobolewa kwa cheche za umeme au kwa leza. Leza ni ya haraka, ila huacha ngozi nyembamba ya chuma kilichoyeyuka na kuganda tena, na ufa wa uchovu (wa mapigo yanayorudiwarudiwa) hupenda kuanzia hapo. Matundu ya kisasa hupanuka kama kipepeo mdomoni ili hewa itoke kwa kasi ndogo na ilale juu ya ngozi. Tundu la mviringo tupu hurusha hewa mbali na kuiacha gesi ijipenyeze chini yake.

Kosa la kawaida karakanani ni kupaka utando mpya wa kinga na kusahau kwamba unaingia matunduni. Tundu la milimita 0.5 likipungua mikroni 50 kila upande hubaki na milimita 0.4, na eneo lake linashuka hadi asilimia 64. Ndiyo maana kila panga lililopakwa lazima lipimwe mtiririko wa hewa, na matokeo yaandikwe kwa namba ya panga.

Utando wa kauri unafanya nini, na kwa nini hubanduka?

Ni tabaka mbili. La chini, la kushikia, ni la chuma chenye kromiamu, alumini na itriamu, unene wa mikroni 100 hadi 200. La juu ni kauri ya zirkonia iliyochanganywa na itria asilimia 7 hadi 8 kwa uzito, mara nyingi mikroni 125 hadi 300. Kauri hupitisha joto kidogo sana kuliko nikeli, na kwenye panga lenye upoozaji wa ndani inaweza kupunguza joto la chuma kwa nyuzi 100 au zaidi. Zingatia sharti hilo: bila hewa ndani, utando huchelewesha joto tu.

Kati ya tabaka hizo mbili huota ngozi nyembamba ya oksidi ya alumini. Huzidi unene kadiri saa zinavyokwenda, na ikifika mikroni chache mkazo wake, pamoja na tofauti ya kutanuka kati ya kauri na chuma, hubandua kauri wakati mashine inapopoa. Ndiyo sababu utando hubanduka zaidi kwenye vituo vinavyowasha na kuzima kila siku. Kwenye mapanga, kauri iliyowekwa kwa mvuke wa boriti ya elektroni huota kama nguzo zilizosimama pamoja, na nguzo hizo huachana na kurudiana bila kupasuka. Kwenye nozeli na chemba, kauri ya kunyunyizwa kwa plazma inatosha, na bei yake ni nafuu.

Kituo chetu kiko pwani. Chumvi ina madhara gani?

Makubwa, na huanza kimyakimya. Sodiamu ya bahari hukutana na salfa ya mafuta au ya hewa, na kutengeneza salfeti ya sodiamu. Chumvi hii huyeyuka kwenye nyuzi 884, na ikiwa majimaji juu ya panga huyeyusha ngozi ya oksidi inayolinda chuma. Aina ya kwanza ya ulikaji hutokea takriban nyuzi 850 hadi 950 na hushambulia ubapa wa panga. Aina ya pili hutokea nyuzi 650 hadi 800, huchimba mashimo, na hupenda shina la panga chini ya jukwaa (bapa linalotenga ubapa na mzizi), mahali ambapo kamera ya ukaguzi haifiki kwa urahisi.

Piga hesabu. Mashine inayovuta kilo 140 za hewa kwa sekunde huvuta zaidi ya kilo milioni 12 kwa siku. Chumvi ikipenya kwa sehemu 0.01 tu kwa milioni, ni zaidi ya gramu 120 kila siku.

Gesi asilia ya Songo Songo, Tanzania, ni karibu yote methani na haina salfa ya kutisha, kwa hiyo vituo vya Dar es Salaam vina nafuu upande wa mafuta. Upande wa hewa havina nafuu hiyo. Chumvi ya kawaida huyeyuka kwa unyevu hewa ukizidi asilimia 75, kiwango ambacho pwani yetu hukifikia karibu kila usiku. Filta iliyonasa chumvi kavu mchana huiachia usiku kama maji, ambayo hupenya karatasi na kukauka upande wa pili. Filta ya pwani iwe ya kuzuia maji, ya daraja la E10 hadi E12, na viungo vya fremu yake vizibwe. Mwanya wa milimita chache pembeni huifanya filta ya bei mbaya kuwa pambo.

Kwa dizeli iliyosafirishwa kwa meli, pima sodiamu na potasiamu kila shehena: jumla isizidi sehemu 1 kwa milioni, na vanadiamu isizidi 0.5. Vanadiamu ikizidi, huongezwa magnesiamu kwa uwiano wa 3 kwa 1 kwa uzito ili majivu yawe magumu badala ya kuyeyuka. Majivu hayo nayo huziba nozeli, kwa hiyo turbaini lazima izimwe, ipoe na ioshwe kwa maji kwa vipindi.

Ukiwa na mazingira haya na mashine ya kati, panga la GTD-111 lenye utando wa kobalti na kromiamu linaweza kukufaa kuliko la fuwele moja.

Na vumbi la jangwani?

Kwa wenzetu wa Oman na Ghuba shida ni mchanga laini wenye kalsiamu, magnesiamu, alumini na silika. Juu ya nyuzi 1,200 hivi huyeyuka kuwa kioo, hupenya kwenye vinyweleo vya kauri, na ukiganda hufanya kauri iwe ngumu isiyoweza kunyumbuka. Hubanduka vipandevipande. Chembe zilizo ndogo zaidi huingia na hewa ya kupooza na kuziba matundu ya ndani.

Mapanga yakaguliwe kila baada ya saa ngapi?

Kwa Frame 6B inayotumia gesi na kubeba mzigo wa kawaida, njia ya gesi ya moto hufunguliwa kila saa 24,000 au kuwashwa mara 1,200, lolote litakalotangulia. Kwa mashine zinazotokana na injini za ndege, kama LM6000 zilizopo kituo cha Kinyerezi I, Dar es Salaam, sehemu ya moto huhesabiwa takriban saa 25,000.

Saa hizo si za saa ya ukutani. Kwa mfumo wa GE, saa moja ya mzigo wa kilele (juu ya mzigo wa kawaida) huhesabiwa kama saa 6, saa ya dizeli kama 1.5, na mashine kujizima ghafla kutoka mzigo kamili kama kuwashwa mara 8. Mfano: mashine inafanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, 300 kati yake zikiwa za kilele. Hesabu ni 5,700 + (300 × 6) = 7,500. Ukaguzi uliodhani ni wa mwaka wa nne umesogea hadi mwaka wa tatu na miezi michache. Watengenezaji wengine hujumlisha saa na kuwashwa kwenye hesabu moja, usichanganye mifumo.

Panga lenye ufa linaweza kuchomelewa?

Inategemea ufa uko wapi. Kwenye ncha, ndiyo. Katikati ya ubapa, kwa tahadhari kubwa au hapana. Kwenye mzizi, kamwe.

Mpangilio wa kazi huwa hivi. Panga husafishwa, utando wa zamani huondolewa kwa asidi, kisha hupashwa moto tanurini ili mabaki ya utando yabadilike rangi na kuonekana. Hufuata rangi ya kung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno kutafuta nyufa, na kipimo cha unene wa ukuta kwa mawimbi ya sauti. Panga moja la seti hukatwa na kuchunguzwa kwa hadubini; kituo kinachokataa kutoa panga hilo moja kinabahatisha mengine 91.

IN-738 na GTD-111 ni ngumu kuchomelewa kwa sababu ya ile alumini na titani: hupasuka zikipoa, au baadaye tanurini. Kwa ncha yenye mzigo mdogo hutumika waya wa IN-625, ambao ni laini na unasamehe. Baada ya hapo panga huingia tanuri la ombwe: nyuzi 1,120 kwa saa 2, kisha 845 kwa saa 24, ili chembechembe ngumu zijipange upya. Ukiruka hatua hii panga litaonekana zima na litakuwa dhaifu.

Kwa nini mnasisitiza kupima koo la nozeli baada ya matengenezo?

Koo ni mahali palipo pembamba zaidi kati ya nozeli mbili, na ndilo linaloamua gesi kiasi gani ipite. Likipungua kwa jumla, shinikizo la kompresa hupanda na kuisogeza karibu na kupumua kinyumenyume, yaani hewa kurudi nyuma ghafla. Likipanuka, shinikizo na megawati hushuka. Kuchomelea huvuta chuma, na makoo yasiyolingana hulipiga kila panga mapigo yasiyo sawa katika kila mzunguko, chanzo kizuri cha uchovu. Pima kila koo sehemu tatu: chini, katikati, juu.

Sili za sega la asali zinaongeza nini?

Zinazuia gesi kupita juu ya ncha bila kufanya kazi. Ncha ya panga la hatua ya pili na ya tatu hupewa meno ya kukata, nayo hujichongea njia kwenye sega laini badala ya kusugua chuma kwa chuma. Nafasi inaweza kuwekwa ndogo bila hofu. Kwa pesa inayotumika, ni miongoni mwa maboresho yanayolipa mapema.

Uchapaji wa 3D na mapanga ya kauri tupu yamefika wapi?

Mwaka 2017 Siemens walijaribu mapanga yaliyochapwa kwa unga wa aloi ya nikeli kwenye turbaini ya megawati 13, kwa mizunguko 13,000 kwa dakika na gesi ya zaidi ya nyuzi 1,250. Kauri yenye nyuzi za silikoni kabidi iliingia kazini mwaka 2016 kwenye injini ya ndege ya LEAP, kwenye pete zinazozunguka mapanga, si mapanga yenyewe. Uzito wake ni karibu theluthi ya aloi ya nikeli, lakini mvuke wa maji huila isipopakwa kinga. Kwa mashine ya zamani ya umeme, bado.

Nikinunua seti iliyoboreshwa, niulize nini?

Anza na joto la mwako. Baadhi ya Frame 6B zilipandishwa hadi takriban nyuzi 1,140, na hilo hudai nozeli ya kwanza, mapanga, pete za ganda na mpangilio wa udhibiti viende pamoja. Kubadilisha mapanga peke yake bila kugusa udhibiti hukuongezea uhai, si megawati. Kugusa udhibiti bila kubadilisha nozeli hukupa megawati za miezi michache.

Kisha dai karatasi: cheti cha tanuri, mtiririko wa hewa kwa kila panga, unene wa utando, chati ya uzito wa kusawazisha inayoonyesha kila panga linakaa tundu lipi la diski, na historia ya saa na kuwashwa kwa kila namba. Seti ikiwa na mapanga ya kuokotezwa kutoka mashine tofauti, tarehe ya ukaguzi wa seti nzima ipangwe kwa saa za panga lililotumika zaidi.